Fremu ya Yaya Kasongo

Juzi nilimwona fundi sokoni akisugua fremu ya chuma ya baiskeli ya mashindano. Harufu ya petroli na kutu ikanirudisha uani kwetu, Kalemie, enzi za Zaire.

Fremu ya uani ilikuwa ya kinga, yaani baiskeli, ya kaka yangu mkubwa, niliyemwita yaya Kasongo. Ilirudi bila yeye kutoka barabara ya Kabimba, nami nikaambiwa amesafiri. Papa aliisugua kwa msasa taratibu, kama anayemwogesha mtoto. Alianza na mikwaruzo myekundu. Leo najua ilikuwa rangi ya lori. Chini ya rangi ya buluu ikatokea ya kijani, na chini yake herufi zilizochongwa kwenye chuma.

"Papa, njo nini hii?"

"Jina la muji kwenye kinga ilitengenezwa. Ni kule Ulaya, mbali sana."

"Yaya njo kule alienda?"

Papa aliacha kusugua.

"Ndiyo, mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita mimi bintiye. "Kule."

Mama, aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, karibu nasi, aliuacha mchi kinuni akaingia ndani. Nikamsikia akilia. Nilidhani anaulilia umbali wa Ulaya, basi nikamfuata, nikamwambia anyamaze, maana sasa tulilijua jina la mji.