Sufuria Isiyouzwa wala Kutolewa

Bi Mwanamkuu wa Ng'ambo, mtaa wa Tabora, hakuwa mtu wa kupangiwa mambo. Mwaka ule serikali ilipohesabu watu, karani alipomuuliza kazi yake, alimjibu, "Andika: mwenye nyumba ya vyumba sita," na karani akaandika. Aliyeijenga ni marehemu mumewe Abasi, mchuuzi wa nta na asali. Lakini watoto walikwisha kutawanyika, vyumba vyote sita akawa anavifagia peke yake, mpaka magoti yakakataa. Ndipo bintiye wa mwisho, Tatu, aliyeolewa Itetemia, nje ya mji, akamjengea chumba kimoja ubavuni mwa nyumba yake. Nyumba ya Ng'ambo ikapangishwa kwa karani wa reli, mtu mgeni, mwenye mke na vyombo vyake.

Chumba kimoja! Bi Mwanamkuu alikwenda kukipima kwa hatua zake mwenyewe. Kitanda cha mninga kikiingia na sanduku likikaa chini ya dirisha, inabaki nafasi ya mtu kuswali na kugeuka. Alirudi bila kununa. Siku tatu kabla ya kuhama alifunga kanga kiunoni asubuhi na mapema, akatoa kila kitu uani, akapanga mafungu matatu: la kwenda nalo, la kuuza, na la kutoa sadaka.

Kazi ikamnogea. Kinu akampa Veneranda, jirani mwenye mabinti watano, "maana kinu kisicho na mtwangaji ni gogo tu." Taa tatu za chemli: moja iende, mbili ziuzwe. Majamvi akayapeleka msikitini. Vikombe vya maua vilikuwa sita, viwili vina nyufa.

"Hivi vyenye nyufa tutupe, mama," alisema Tatu.

"Hivyo ndivyo ninavyokwenda navyo. Nimevinywea chai miaka ishirini na havijanimwagikia. Vizima tuwauzie wanaopenda vitu vizima."

Kufikia saa nne mafungu yote yalikuwa tayari, kimebaki kitu kimoja tu katikati ya ua: sufuria kubwa ya shaba, ya kupika pishi nane za mchele. Haikuwa na fungu.

Na hapo ndipo palipokuwa na uzito wa siku ile. Ng'ambo nzima hakukuwa na sufuria nyingine kama ile. Akiozwa mtu, inaazimwa. Akifa mtu, kabla maiti hajaoshwa, kuna anayebisha hodi kwa Bi Mwanamkuu. Kwa hiyo hakuna harusi wala msiba aliousikia kwa watu. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua, na akifika anapishwa njia hadi jikoni. Sasa sufuria haipiti mlango wa chumba cha Itetemia, na hata ingepita, nani atakwenda mbali kote huko kuifuata wakati jeneza linangoja? Akiiuza, kesho Ng'ambo watazikana naye apate habari sokoni, kama mpita njia.

Tatu hakuyaona hayo. Alikwisha kumwita Omari, mwenye hoteli karibu na stesheni, naye akaja na mkokoteni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mkokoteni wote huo wa nini? Unahama na wewe?"

"Nimeambiwa sufuria inauzwa."

Bi Mwanamkuu akaitazama sufuria. "Igonge uisikie," alisema mwishowe, ili tu kupoteza muda.

Omari hajaigonga, akaingia Bi Mwanahawa. Huyu alikuwa jirani wa nyumba ya pili, Mzaramo aliyeletwa Tabora na mume wa reli, na kwa Wanyamwezi wote yeye ni mtani, kama ilivyo tangu enzi za misafara. Alipita moja kwa moja katikati ya mafungu, hakusalimu mtu, akavua mtandio wake, akautandika juu ya sufuria, akaikalia.

"Nimekamata!" alisema.

"Ondoka, mvivu wewe," alisema Bi Mwanamkuu, na kicheko tayari kimemshika. "Watu wana kazi."

"Kazi gani? Babu yako alitoka hapa mpaka pwani na pembe ya ndovu begani. Wewe sufuria tu mpaka Itetemia inakushinda? Ukoo umeharibika!"

"Na babu yako alikuwa wapi? Amelala kivulini, anangoja babu yangu afike amwuzie maji."

"Aliuza, na mlinunua!"

Omari alisimama na mkokoteni wake, hajui aweke wapi mikono. Alikuwa mtu wa mjini, alijua desturi: kitu kilichokamatwa na mtani hakiondoki mpaka mwenyewe akikomboe. "Basi ikomboe, bibi," alisema. "Mpe hata kuku."

Tatu akakimbilia kuku. Alikwisha kumkamata, kuku anapiga kelele, Bi Mwanamkuu aliponyanyua mkono.

"Mwache huyo kuku."

"Mama?"

"Nimesema mwache. Siikomboi sufuria."

Hata Mwanahawa alishtuka, maana naye alitazamia kuku.

"Sikilizeni nyote, muwe mashahidi," alisema Bi Mwanamkuu, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. "Sufuria hii sikuiuza, na wala sikuitoa. Imekamatwa. Kilichokamatwa bado ni cha mwenyewe, na aliyekamata hana ruhusa ya kukiuza. Atakaa nacho hapa hapa Ng'ambo, akisugue, akikinge na mende, mpaka nitakapopenda kukomboa. Na sina haraka. Msiba ukitokea, aitoe kwanza kisha nipelekewe habari siku hiyo hiyo. Ikiwa harusi, niulizwe kabla."

"Ah! Mnyamwezi kanitwisha mzigo!" alipiga kelele Mwanahawa, na wote wakaangua kicheko, hata Omari, aliyeishia kununua taa mbili na vikombe vizima.

Bi Mwanamkuu akahamia Itetemia. Analala vizuri, mtama unaonekana kutoka dirishani, wajukuu wanampa habari za shule. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili pia. Kila mbwa alipobweka alichungulia njiani.

Siku ya kumi na saba akafika Raymundi, seremala Mkristo wa Ng'ambo, jasho linamtoka, baiskeli yake imejaa mchanga.

"Wangaluka, mayu," alimwamkia mama huyo kwa Kinyamwezi. "Namwoza binti yangu Flavia Jumamosi. Mbuzi atachinjwa na Shomari, Mwislamu mwenzako, ili wote wale. Nimekwenda kwa Bi Mwanahawa, kanifungia mlango. Kasema hata paroko akija mwenyewe, sufuria haiinuki mpaka wewe useme."

Bi Mwanamkuu alikuwa anachambua mchele. Akaendelea kuuchambua.

"Flavia anaolewa na nani?"

"Anselm, wa Ipuli."

"Yule mrefu? Mama yake namjua. Na wageni wangapi? Na mpishi nani? Usiniambie ni dada yako, chumvi haijui."

Raymundi akakaa kwenye mkeka, akaanza kumweleza yote tangu mwanzo. Ng'ambo nzima, hakuna aliyekuwa ameyasikia kabla yake.