Fundi wa Malaba aliyetaka kuolewa bila simu mkononi

Saa mbili asubuhi, Alhamisi. Malori yamepangana kutoka mpakani hadi macho yanapoishia, wauza mayai ya kuchemsha wanapita kati yake, na Asekenye yuko chini ya meza. Anayeingia ofisini anaona soli za viatu tu.

"Ngoja kidogo, bosi, nifunge hii waya!" anasema kutoka huko chini. Akichomoza, ana vumbi kichwani, juu ya nywele alizosukwa jana kwa ajili ya harusi.

Harusi yenyewe ni yake, na ni keshokutwa.

Asekenye ni fundi katika kampuni ndogo inayosambaza intaneti Busia na Malaba. Wateja wake ni gesti, maduka ya spea, zahanati na mawakala wa forodha. Laini ikikatika, wakala hawezi kutuma karatasi za lori, na dereva analala tena barabarani akimlaani kila mtu.

Ndiyo maana aliweka Taa. Hilo ndilo jina waliloipa programu inayochungulia kila laini usiku na mchana: iliyo hai inaonyesha kijani, iliyokufa inaonyesha nyekundu. Haikukodiwa ng'ambo. Inakaa kwenye kompyuta kuukuu hapa hapa chini ya meza, na Asekenye ndiye aliyeisimamisha.

"Nilijisifu sana siku hiyo," anasema. "Kumbe nimejifunga kamba mwenyewe."

Mwanzoni wafanyakazi wote waliingia kwenye Taa kwa jina moja na nywila moja. Siku moja mtu akafuta nusu ya laini zilizoorodheshwa. Nani? Haikujulikana, maana wote walikuwa na jina lile lile. Mkurugenzi akakasirika, nywila ikabadilishwa, akabaki nayo Asekenye peke yake.

Tangu hapo hana raha. Amepigiwa simu akiwa kwa daktari wa meno, mdomo wazi. Amepigiwa hata siku wazee wa kina Okiria, mchumba wake, walipoleta mahari.

"Wazee wameketi, wananingoja, mimi niko nyuma ya jikoni na laptop," anasimulia. "Okiria akawaambia niko chooni. Saa nzima! Woi, walidhani anaoa mgonjwa."

Sasa mkurugenzi ametoa sharti. Asekenye akiwapa wenzake njia ya kuingia kwenye Taa, kila mtu kwa jina lake, ataacha simu ya kazi mezani siku ya harusi. Akishindwa, simu itakwenda naye kanisani.

"Mbele ya padri? Haki ya nani, hapana. Mwanamume wangu amengoja vya kutosha."

Dawa anaijua. Ofisi ya Busia ina kile wanachokiita Mlango Mmoja: kila mfanyakazi ana jina na nywila moja tu, na akishatambuliwa hapo anafungua barua pepe, ratiba na mengine yote. Taa haikuundwa kuujua mlango huo, kwa hiyo Asekenye ameiwekea bawabu mbele yake, programu nyingine ndogo. Ukija, bawabu anakutuma Busia. Busia ikikutambua, inakurudisha kwenye anwani ya Taa, unaingia.

Lakini tangu Jumatatu Busia inakataa. Kila anayejaribu anaambiwa jambo moja: anwani ya kurudi hailingani.

Anayesimamia Mlango Mmoja ni Nabwire, rafiki yake, mzaliwa wa Funyula. Asekenye alimtajia anwani kwa simu, naye akaiandika. Asubuhi hii wanaihakiki tena.

"Nisomee, dada."

"Taa, nukta, Malaba," sauti ya Nabwire inatoka kwenye spika.

"Ni hiyo hiyo! Sasa shida iko wapi?"

"Labda huyo bawabu wako amelewa."

Asekenye anacheka, lakini macho yamejaa machozi. Anafungua mipangilio yake kwa mara nyingine na haoni kosa.

Wakati huo anaingia mzee Ilukor, mwenye duka la spea jirani, amefura kwa hasira. Ametumiwa gasketi kutoka Nairobi na mzigo haujafika.

"Umeenda Malava!" anafoka. "Malava ya Kakamega! Nani alisikia lori likingoja kuvuka mpaka huko Kakamega? Hawa watu nikiwaambia Malaba, wanaandika Malava. Kila mwezi!"

Asekenye anaiacha mipangilio. Kisha anaivuta simu karibu.

"Nabwire. Hiyo Malaba yako umeiandika na herufi gani?"

"Si Malaba tu? Ma-la-ba."

Kwenye ulimi wa Kisamia, lugha ya kwao Nabwire, b hiyo inatoka laini, pumzi nusu, karibu na v, na masikio ya mpakani yameshaizoea. Ndiyo maana kusomeana hakukusaidia kitu.

"Usinisomee. Nipigie picha ya skrini."

Picha inaingia. Taa, nukta, malava.

Asekenye anapiga ukelele mpaka dereva mmoja anachungulia dirishani. "Nabwire wee! Umewatuma wafanyakazi wote Kakamega!"

"Aki pole," Nabwire anajibu, akivunjika mbavu kwa kicheko. "Shangazi yangu wa huko angewapikia chai."

Herufi inabadilishwa. Nabwire anajaribu kuingia, na baada ya muda mfupi anapiga kelele huko Busia: anaziona laini zote, na juu ya ukurasa kuna jina lake mwenyewe. Asekenye anamkumbatia mzee Ilukor, ambaye bado anauliza gasketi zake zitakuja lini.

Jumamosi, kanisa limejaa. Asekenye ameshika maua kwa mikono yote miwili. Padri anapomuuliza Okiria kama anamkubali, Nabwire, aliyeketi benchi la nyuma, anatazama simu yake, anainuka polepole na kutoka nje. Anarudi wakati vigelegele vimeanza, anaingia navyo.

Alasiri, wazee wakiwa wamezunguka chungu cha ajono, ile pombe ya wimbi, kila mmoja na mrija wake mrefu, Nabwire anamnong'oneza bibi harusi kwamba laini ya zahanati ilizima, akaingia kwenye Taa, akamtuma fundi wa zamu, ikarudi.

"Ilizima? Saa ngapi?"

"Mkivishana pete."

Asekenye anamwangalia, halafu anaangua kilio na kicheko kwa pamoja, mpaka wanja unamchuruzika.

"Leo hakuna aliyenihitaji kazini," anasema akijifuta. "Sijawahi kufurahi hivi maishani mwangu."

Jumatatu maharusi wanavuka mpaka kwenda Jinja kupumzika. Na baada ya hapo?

"Nataka watoto watatu," anasema, akimshika Okiria mkono. "Na kila likizo ya uzazi nitaimaliza yote nyumbani. Yote!"