Bluu ya Bibi

Harufu ya rangi ya nywele mnaijua? Ni harufu ya zizi la mbuzi asubuhi kabla halijafagiliwa, tofauti yake ni kwamba hii tunainunua. Juzi ilijaa bafuni kwangu hapa Bariadi mjini. Nilikuwa najipaka kahawia ili mvi zijistiri, lakini niliposuuza na kujitazama kwenye kioo, kahawia sikuiona. Niliona chungwa lililoiva. Nikacheka peke yangu, nikajifunga kitenge kichwani, nikaenda dukani kununua bluu ya kufulia. Njiani nikawa tena mtoto wa darasa la tatu, kwa bibi yangu, kijijini Sapiwi.

Tuliishi wawili tu, bibi na mimi. Mama alikuwa Mwanza, anasuka watu saluni. Alikuja kwa nadra, akakaa siku mbili, na kila alipokuja alikuwa na kichwa kipya. Safari moja zilikuwa nywele za kahawia, zikipigwa na jua zinakuwa rangi ya asali. Wanawake wa jirani walimsalimu, wakanigeukia mimi, wakasema huyu na mama yake hawafanani hata ukucha. Walikuwa wanatania, na mama alicheka nao. Mimi sikucheka. Mtoto asiyelala nyumba moja na mama yake hana ushahidi mwingine zaidi ya sura.

Alipoondoka alisahau nyuma ya mtungi boksi la rangi, limetumika nusu. Nilikuwa nalifungua nikiwa peke yangu, nanusa, nalifunga. Nilikuwa mpweke mwaka ule, niseme tu. Bibi hakuwa mtu wa maneno. Jioni tulibangua karanga tukisikiliza redio ya jirani, na usingizi ulipotukuta tukalala.

Desemba mama alipiga simu kwa Mama Kulwa, jirani yetu. Alisema atakuja Krismasi, na safari hii atanichukua twende wote Mwanza. Shule zilikuwa zimefungwa na nywele zangu, zilizonyolewa kwa ajili ya shule, zilikuwa zimeanza kuota. Nikaona wakati ndio huu. Nilitaka mama akishuka kwenye basi, kila aliyesimama pale ajue mimi ni wa nani.

Basi bibi alipokwenda shamba nilichanganya ile rangi kama nilivyomwona mama akichanganya, nikajipaka. Nikatoka na kichwa cha rangi ya bati lenye kutu.

Bibi aliporudi aliweka jembe chini, akakaa kwenye kigoda, akanitazama. Hakunipiga.

"Watasema sikulishi," alisema.

Kwetu mtoto mwenye nywele nyekundu ni mtoto wa njaa, na hilo kila mama aliyewahi kupanga foleni kliniki analijua. Akanisugua kwa majivu. Wekundu ukazidi. Akanisugua kwa sabuni ya mche, ukabaki palepale. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Ndipo alipotupa macho kwenye kamba ya nguo, kwenye shati langu la shule, akaingia ndani akatoka na pakiti ya bluu.

"Umanjano wa shati unauawa na hii," alisema. "Nywele nazo zina ujanja gani?"

Akakoroga kwenye beseni, akanimwagia kwa kikombe polepole, akanifunga kitambaa tukasubiri, akanisuuza, akarudia. Kisha akanipaka samli. Nilipojitazama kwenye kioo cha bibi, kile kilichovunjika pembeni, uchungwa ulikuwa umekufa. Ilikuwa kahawia iliyotulia, karibu kabisa na ile ya mama. Nikatembea nacho kichwa hicho kijiji kizima.

Mkesha wa Krismasi Mama Kulwa alikuja na ujumbe. Saluni imejaa wateja wa sikukuu, mama haji. Alipoondoka nikamuuliza bibi, sasa nafanana na nani? Alifunika chungu, akaniambia nikalale.

Asubuhi tulikwenda kanisani, bibi amejifunga kilemba kama siku zote. Baada ya ibada watu walisimama uwanjani kusalimiana, salamu za mwangaluka kila upande, na pale katikati bibi akakifungua. Nywele zake, ambazo zilikuwa nyeupe kama pamba, zilikuwa za rangi ya chungwa. Alikuwa amejipaka ile rangi iliyobaki. Wanawake wakarudi nyuma. Kwetu, bibi mjane akiwa na macho mekundu tu kwa moshi wa kuni, minong'ono ya uchawi inamtosha. Huyu alikuwa ameongeza na kichwa.

"Mayu, umefanya nini?" Mama Kulwa aliuliza taratibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

Bibi akaniwekea mkono begani. "Nimefanana na mjukuu wangu."

Wengine walicheka, wengine wakaondoka mapema. Mimi niliona aibu, nikatembea nyuma yake njia nzima. Nyumbani nikamwomba ajiwekee bluu na yeye. Akasema imeisha, nami nikaamini.

Mwanza sikwenda mwaka ule, wala uliofuata. Shule zilipofunguliwa nilinyolewa, kahawia yangu ikafagiliwa na takataka za uani. Bibi aliendelea na chungwa lake kisimani, mnadani na kanisani, mpaka mvi zilipolisukuma nje kidogo kidogo. Kuna walioacha kumwomba chumvi na kuna walioacha kupita kwetu.

Na Jumatatu ile ya kufungua shule nilivaa shati jeupe pepepe, lenye ule ubuluu kwa mbali unaobaki kwenye nguo iliyofuliwa vizuri. Nilijiona msafi, basi. Ilibidi nizae ndipo nilifikirie lile shati na kuelewa kwamba bluu haikuwa imeisha. Bibi alikiacha kichwa chake vile ili nami niwe na mtu wa kufanana naye.

Juzi nilirudi na bluu yangu, nikaikoroga kwenye beseni, nikaitazama. Kisha nikaloweka humo mashati ya mwanangu, kichwa nikakiacha vilevile.