Mdomo wa Jiko Uko Nje

Muulize mumewe, atakwambia Mama Pacha hana hasira hata chembe. Mumewe hajui kitu. Mwanamke yule alikuwa na hasira tangu alipoolewa, ila alikuwa anazimeza kama dawa chungu, anafuta mdomo, anaendelea na kazi.

Na kazi zenyewe zilikuwa moto juu ya moto. Alikuwa mpishi wa shule. Asubuhi anawasha wa kupikia watoto, jioni anarudi nyumbani kuwasha mwingine, wa maji ya kuoga. Maji yakichemka, Baba Pacha anaoga kwanza, maana kachoka. Kachoshwa na nini huko ghalani, ambako kutwa nzima amekaa kwenye kiti anafungulia magari geti, hilo usiniulize mimi. Akitoka yeye, anaingia mama mkwe, na huyo hana lawama, mifupa yake haitaki baridi. Kisha wale pacha, madume mazima sasa yenye ndevu, nayo hayo yanasubiri kubebewa ndoo! Mama Pacha akirudi kwenye sufuria lake, anakuta kilichobaki hakitoshi kuoshea mguu mmoja. Basi anaongeza ya baridi, anaoga mbio mbio, meno yanagongana, anatoka.

Zamani, angali bibi harusi, aliwahi kulalamika. Kuni zilikuwa mbichi, macho yakamvimba. "Mume wangu, moshi unaniumiza macho," akasema. Mumewe alikuwa ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji ya moto, raha mustarehe. Hakugeuza hata shingo. "Utazoea," akamjibu.

Hakulisahau neno hilo. Alilala nalo, akaamka nalo, akazaa nalo pacha.

Sasa mwaka huu Baba Pacha akaja na habari mpya. Ameona kwa rafiki yake jiko la chuma la kuni, limezungushiwa mabomba ya maji kwa ndani, na tangi limekaa juu. Maji yakipata moto yanapanda yenyewe tangini, unafungulia koki bafuni, yanakumwagikia kichwani. "Utapumzika, mke wangu," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi Mama Pacha akamwamini. Hakutaka makubwa. Alitaka siku moja asimame chini ya maji ya moto mpaka vidole vikunjamane, bila mtu kumwita. Hilo tu.

Siku fundi bomba alipokuja kulifunga, yeye alikuwa kazini. Aliporudi alikuta jiko limeshasimama, limejengewa kwa matofali kwenye ukuta wa bafu, na tangi liko juu ya dari. Kazi safi, hakuna bomba lililopinda. Mumewe na mdogo wake, shemeji aliyekuja kuwatembelea, walikuwa wamesimama mikono nyuma, wanalitazama kama vile wamelizaa wao.

Mama Pacha akalizunguka. Ndani ya bafu kulikuwa na koki tu. Mdomo wa kutilia kuni ulikuwa nje, nyuma ya nyumba, pasipo na hata kipande cha bati la kuzuia mvua.

"Fundi, mbona mdomo umeuweka huku?"

"Mzee ndiye aliyesema, mama. Hataki moshi ndani."

"Tangi lenyewe dogo. Kuni zisipoongezwa, maji yanapoa?"

"Yanapoa. Moto lazima uchochewe mtu akiwa anaoga."

"Haya. Mimi nikiwa naoga, nani atachochea?"

Shemeji akacheka, na Baba Pacha naye akacheka. "Sasa hilo nalo swali? Wewe utaoga mwisho, makaa si yatakuwepo?"

Makaa! Yaani mtu kaita fundi, kavunja ukuta, kapandisha tangi juu, ili mkewe aendelee kuoga mabaki! Damu ilimchemka Mama Pacha mpaka masikioni. Lakini alikwenda kupasua kuni, na kuni za siku ile zilipasuka vizuri sana.

Jioni fundi akajaza maji, akafungulia koki mpaka mabomba yakaacha kukohoa, akasema sasa moto uwashwe. Wote wakamgeukia nani? Akauwasha. Haukupita muda mrefu, bomba likawa halishikiki.

"Shemejio aanze," Baba Pacha akatangaza. "Ni mgeni." Na kweli, shemeji alikuwa na taulo shingoni tayari, amekaa mkao wa kula.

Mama Pacha akaweka chini mti wa kuchochea. Akachukua sabuni yake. Akampita shemeji bila hata samahani, akaingia bafuni, akapiga komeo.

"Mama Pacha! Vipi tena?"

Alikuwa chini ya maji. Yalimshuka mabegani, yakamteremka mgongoni palipokuwa panauma kila jioni, na akaanza kulia kwa hasira, kwa sababu kumbe ndivyo ilivyo, kumbe wenzake walikuwa wanaipata raha hii kila siku ya Mungu na hakuna aliyewahi kumwambia.

Kisha maji yakaanza kupoa.

"Baba Pacha! Ongeza kuni!"

"Toka uje uongeze!"

"Sitoki. Leo tutakesha hapa!"

Nje kulikuwa na mnong'ono. Shemeji akakumbuka ghafla kwamba ana safari, akaaga na taulo lake. Baba Pacha akauliza kuni ziko wapi, katika nyumba yake mwenyewe. Mlango wa jiko ukalia, kikafuata kikohozi.

"Usizishindilie, zinakosa hewa," ilikuwa sauti ya mama mkwe, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda anatazama. "Inama upulize."

"Mama, na wewe?"

"Mimi nilimpulizia baba yako mpaka anakufa. Puliza, mwanangu."

Akapuliza. Maji yakarudi moto. Mama Pacha akaoga mpaka vidole vikakunjamana, akajisugua upya kwa makusudi, akaoga tena.

Alipotoka alizunguka nyuma ya nyumba. Mumewe alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko, masizi mpaka puani, macho mekundu, machozi yanamtiririka.

"Mke wangu," akasema, "huu moshi unaumiza macho, jamani."

Mama Pacha alimtazama. Alikuwa na maneno ya miaka yote ile, yamejaa kooni, na angeweza kuyamwaga hapo mpaka majirani watoke. Alitoa moja tu.

"Utazoea."

Kisha akamshika mama mkwe mkono amwingize bafuni, na ule mti wa kuchochea akauacha pale pale miguuni pa mumewe.