Nafasi ya Kuitikia

River Road yote ilimjua Zedekiah Were kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kwenye karatasi alikuwa mtu wa stoo katika duka la vitambaa la Pranlal, lakini asubuhi, kabla marobota hayajafika, kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kuita wateja. Na akiita, jamani, aliyekwisha kuvuka barabara alirudi. Mwenye haraka ya kwenda kuzika alisimama kwanza akashikashika satini. Zedekiah mwenyewe alisema sauti hiyo aliipata kwa kuchunga ng'ombe kando ya Mto Nzoia, ambako ng'ombe ni viziwi. Waliomjua zaidi walisema kwao walizaliwa watoto kumi na mmoja, na sufuria ilikuwa moja.

Mwaka wa themanini na sita Mwalimu Munyiva alifika dukani kutafuta kitambaa cha altare. Alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya Jamhuri, mwembamba, mkali, na alikuwa kiongozi wa kikundi cha watu watano wa parokia waliojitolea kurekodi kanda kwa ajili ya wagonjwa wasioweza kufika Misa. Alimsikia Zedekiah akiita, akasahau kitambaa.

"Wewe ni Mkatoliki?" akamuuliza.

"Mama, mimi ni Mkatoliki mpaka kwenye kisigino."

Kwa kweli Ukatoliki aliupata kwa kuoa. Naliaka alikataa katakata kuolewa na mtu asiyejua rozari, na Zedekiah akajifunza rozari kwa wiki mbili, kwa jinsi alivyompenda. Lakini hilo hakumwambia Mwalimu.

Basi akawa msomaji wa kanda. Upande mmoja ulikuwa na maisha ya mtakatifu, upande wa pili rozari. Walirekodi Jumapili alasiri ndani ya stoo ya Pranlal, kwa sababu mablanketi na majora ya vitambaa yaliyopangwa mpaka darini yalimeza kelele zote za mji. Pranlal mwenyewe, Mhindu wa watu, mwenye nywele nyeupe na kalamu mbili mfukoni, alifungua stoo kwa hiari yake. Kisha hakuondoka. Mashine ya kurekodi ilikuwa yake, na hakuna kiumbe aliyeruhusiwa kugusa vibonyezo vyake.

Huko Zedekiah alijiachia. Mtakatifu Kristofa alipombeba Mtoto Yesu mabegani, aliuvuka Mto Nzoia, tena wakati wa mafuriko, na mamba wakasogea kando kama askari wa gwaride. Mtakatifu Laurensi akiwa juu ya makaa aligeuzwa kama hindi la kuchoma la Kinoo, upande huu, halafu upande huu.

"Bwana Were," Mwalimu Munyiva alisema, "Nzoia haimo kitabuni."

"Mwalimu, na mgonjwa wa Kangemi unataka aogope mto gani? Ule hajawahi kuuona?"

Kwenye rozari ilikuwa imepangwa yeye aanzishe na Mwalimu aitikie. Ila sauti ya Mwalimu kwenye kanda ilitoka kama kijiko kinachokwaruza sufuria, Pranlal akakunja uso, na Zedekiah, kwa unyenyekevu wake mkubwa, akajitolea kufanya yote mawili. Akawa anaanzisha, anaitikia, anaanzisha, anaitikia, hata pumzi haikupata pa kupita. Wagonjwa walituma salamu za kumsifu. Naye hakuzificha salamu hizo. Hata dereva wa basi la kwao Kinoo alizijua kwa moyo.

Mwezi wa tatu mwaka wa themanini na nane, mama mkwe wake akaletwa Nairobi.

Huyu Peres, mama yake Naliaka, alikuwa katekista wa kigango, kanisa dogo la kijijini kwao, kwa miaka thelathini. Alikuwa akiongoza rozari hata watu wakaacha masufuria motoni. Sasa kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono wa kulia na ulimi. Daktari alisema ulimi huenda ukarudi, huenda usirudi. Naliaka alimpangia chumba cha mwisho katika ploti yao ya vyumba vya kupanga pale Kinoo, na hapo ndipo miguu ya Zedekiah ilipoingia taabuni. Kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawapeani mkono, hawasemezani uso kwa uso. Heshima ndiyo ukuta wenyewe. Mwanaume aliyeitikisa River Road akawa anatembea uani kwake kama mwizi wa kuku. Peres akitolewa kuota jua, Zedekiah alizunguka nyuma kwa kioski cha Muchiri. Salamu zilipitia kwa Naliaka.

Wiki ya nne jumuiya ya Wakristo wa mtaa ilikuja kusali rozari na mgonjwa. Wakaanzisha, na Peres akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Wao wakaendelea kwa kasi yao ya siku zote, Salamu Maria moja juu ya nyingine, na yeye mdomo wazi, machozi yakimtiririka mpaka masikioni. Walipoondoka aliugeukia ukuta. Tangu siku hiyo akakataa uji.

Haron, kaka yake Naliaka, akatuma habari kutoka nyumbani: Jumatatu ya wiki ifuatayo anakuja na gari. "Mtu akikataa kula, tumrudishe akapumzike kwake," alisema, na kila aliyesikia alielewa ni kupumzika kwa namna gani.

Zedekiah hakushtuka sana. Si alikuwa na dawa? Akachagua kanda yake bora kuliko zote, ile ya Kristofa, akampa mkewe aipeleke pamoja na redio ya kanda. Jioni hiyo akakaa mezani akingoja sifa zake.

"Amesikiliza?"

"Amesikiliza," Naliaka alisema.

"Pale kwa mamba alicheka?"

"Baba Simiyu," mkewe akamwita kwa jina la mtoto wao, "Mama ameisukuma redio."

"Kwa mkono upi?"

"Ule mzima. Ameisukuma mpaka ikaanguka chini." Naliaka aliweka mwiko mezani, akamtazama. "Rozari umesema yote wewe. Unaanzisha, unajiitikia mwenyewe. Yeye umemwachia nini?"

Zedekiah aliuchukua ule mwiko, akaurudisha pale pale.

"Wewe unafikiri amenyamaza," Naliaka akaendelea, sasa kwa upole. "Mimi nalala chumbani kwake. Nikisema nusu ya kwanza ya Salamu Maria nikangoja, kidole gumba chake kinasukuma punje ya rozari. Lakini kinachelewa! Unaweza kwenda bombani, ujaze birika, urudi, ndiyo unakuta kimesogea. Anaitikia, Baba Simiyu. Ni sisi hatumngoji."

Jumapili, siku moja kabla ya gari la Haron, Zedekiah alisimama stooni na kusema kwamba leo anataka kusoma nusu tu, na baada ya kila nusu mashine iachwe ikizunguka bila neno.

"Watu watafikiri kanda imeharibika," Mwalimu Munyiva alisema.

"Hii ni ya mtu mmoja, Mwalimu."

"Na kimya chenyewe ni cha muda gani?"

Hilo alikuwa amelipima. Usiku kucha alikuwa ameligeuza, na asubuhi alienda bombani na birika mkononi, akiitikia kimoyomoyo. Bila haraka, birika lilijaa pale alipomaliza kuitikia mara ya tatu. "Nitaitikia mara tatu ndani ya moyo," alisema. "Ndiyo nianzishe nyingine."

Mwalimu alipiga hesabu ya dakika kwa vidole. Rozari ya namna hiyo ingekula kanda nzima, pande zote mbili. "Basi Kristofa hatapata nafasi."

Kristofa, na mamba wake, na mafuriko. Zedekiah alitazama chini kidogo, kama mtu anayeagana na ndugu kwenye stendi. "Avuke siku nyingine," alisema. "Bosi, bonyeza."

Akaanzisha. "Salamu Maria, umejaa neema, Bwana yu nawe, umebarikiwa kuliko wanawake wote, na Yesu mzao wa tumbo lako amebarikiwa." Kisha akanyamaza.

Kimya cha kwanza kilimtesa. Ulimi wake ulipigapiga meno kama mbuzi aliyefungiwa. Cha pili vilevile. Cha tatu akasikia vitambaa vyenyewe vikikaa, jora juu ya jora, na juu ya mabati njiwa akitembea hatua moja moja. Kufikia fungu la pili aligundua kwamba hakuwa akihesabu tena. Yale maneno aliyoyasema mara elfu kwa kanda za parokia, aliyoyapaka sauti kama mtu anayepaka mandazi sukari, sasa yalikuwa yanasemwa ndani yake polepole, na kila mara yaliposemwa alimwona yule mama amelala Kinoo na kidole chake kizito. Stoo ilikuwa na watu watatu, lakini ilijaa. Ilikuwa kama nyumba iliyofagiwa, viti vimepangwa, mgeni yuko njiani na mlango umeachwa wazi. Zedekiah aliogopa hata kumeza mate.

Alipomaliza Salamu ya mwisho na kuinua macho, Mwalimu Munyiva alikuwa amepiga magoti juu ya robota la mablanketi. Pranlal alikuwa amevua viatu. Hakuna aliyemwona akivivua.

"Leo umesoma vizuri, Were," Pranlal alisema kwa sauti ya chini.

"Bosi, leo sikusoma. Saa nzima nilinyamaza."

"Ndiyo hiyo mimi nasema." Akamkabidhi kanda kwa mikono miwili. "Kesho asubuhi wewe kaa nyumbani. Wateja nitaita mimi."

"Wewe, bosi? Utaweza?"

"Enda!"

Haron alifika Jumatatu saa mbili na nusu, koti begani, na gari likabaki barabarani na dereva mwenye haraka. Akaanza kufunga mablanketi ya mama yake. Naliaka alimwomba kitu kimoja tu: angoje kanda iishe.

"Kanda? Dada, safari ni ndefu."

"Iishe tu, kaka."

Haron akakaa kwenye kizingiti. Zedekiah, asiyeweza kuingia, alisimama nyuma ya ukuta wa chumba, karibu na bomba, na birika mkononi ili aonekane ana kazi. Akasikia kibonyezo. Akasikia sauti yake mwenyewe ikipita dirishani, na kwa mara ya kwanza maishani hakuipenda. Kisha kimya. Kisha sauti yake. Kisha kimya.

Fungu la kwanza likapita lote hivyo. Uani, wanawake waliokuwa wakifua waliacha kufua, kwa sababu redio inayonyamaza namna hiyo hawajapata kuisikia. Fungu la pili likapita. Haron alikohoa. Zedekiah aliuona ujinga wake wote umeanikwa pale kama nguo kwenye kamba: kanda nzima ya utupu, na gari linangoja.

Katika fungu la tatu, kwenye Salamu ya nne, kitu kilisogea ndani ya kimya. Hakikuwa neno. Kilikuwa kama mlango mzito unaosukumwa na mtu asiye na nguvu. Ya tano, tena. Ya sita, kikatoka kipande: "...kosefu." Naliaka alipiga ukelele mdogo akajiziba mdomo kwa leso. Ya saba: "Utuombee sisi wakosefu." Ya nane, sauti ya zamani, sauti ya kigango, imekwaruzika na imepinda upande mmoja lakini ni ile ile, ikaanza mwanzo na kufika mwisho: "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Amina." Alipofika Amina, kanda ilikuwa bado inazunguka kimya, ikimngoja.

Bomba alikuwa amelifungua bila kujijua, birika limejaa na kumwagika, na Zedekiah amesimama ndani ya maji na viatu vyake vya kazi.

Upande wa kwanza ulipoisha, Naliaka alikuwa analia hivi kwamba hakuona vibonyezo, na Peres akapiga kitanda kwa mkono wake mzima, pa, pa, pa, kumharakisha. Haron ndiye aliyegeuza kanda. Koti lilikuwa limeanguka chini na hakuliokota. Akamwita mmoja wa wale wanawake waliokuwa wakifua, akamtuma amwambie dereva aende zake.

Wakamaliza mafungu yote matano. Kila Salamu Peres aliitikia, na kila mara ilipoanza alionekana kushangaa kuikuta bado ipo. Naliaka alipomuuliza, "Mama, unataka maji?" alijaribu kujibu na hakikutoka kitu; akatikisa kichwa kwa hasira. Maneno ya kawaida hayakuwa yamerudi. Yalirudi haya ya sala tu. Hata hivyo alinywa maji, kisha akaonyesha sufuria ya uji kwa kidevu.

Kanda ikafika mwisho, kibonyezo kikaruka. Zedekiah aliinama kuchukua birika aondoke kabla hajaonekana. Ndipo aliposikia, kutoka ndani, bila redio, bila mtu yeyote kumwanzishia, yule mama akianzisha mwenyewe.

"Salamu Maria," alisema Peres, neno moja, pumzi, neno jingine, "umejaa neema..." Akaenda nalo mpaka mwisho wa nusu yake. Akanyamaza. Akawa anangoja.

Ndani, Naliaka alikuwa amelaza uso kitandani, hawezi. Haron ameishika redio iliyozima, kama anayengoja iitikie yenyewe. Wanawake wa uani wameduwaa na povu mikononi. Kimya kikakaa, kikazidi kukaa, na yule mama hakukiharakisha. Alikuwa katekista, alijua kungoja watu.

Zedekiah alivua kofia. Alisogea mpaka paji la uso likagusa ukuta, na kwa sauti ambayo River Road haijawahi kuisikia, ndogo, isiyopambwa, akaitikia.

"Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu. Amina."

Hakuongeza neno. Upande wa pili wa ukuta punje ilisogezwa, akaisikia ikigonga zilizotangulia, na Peres akavuta pumzi ya kuanzisha nyingine.