Kijiti Mlangoni kwa Tupokigwe

Siku Tunduma ilipokuwa bado maduka sita na barabara ya vumbi, nyumba zake nyingi hazikuwa na kufuli. Mtu akienda shamba alichukua kijiti, akakilaza kwenye kizingiti cha mlango, akaondoka. Kijiti kilikuwa na maana moja tu: wenyewe hatupo. Aliyekiona aligeuka, akarudi siku nyingine. Hakupiga hodi, kwa sababu kumpigia hodi mtu ambaye amekwisha kusema hayupo ni kukosa adabu, tena ni kupoteza pumzi.

Kisha malori yakazidi. Wanaume wa kila kabila walipita wakienda migodini Rodesia, na wengine walipita wakirudi, na wengine hawakuwa wakienda wala kurudi. Hao hawakuwa wamelelewa na vijiti. Walipoelezwa maana yake waliielewa vizuri kabisa, ila wao waliichukulia kuwa ni kuambiwa "karibu ndani".

Mwaka wa hamsini na mbili, kati ya Pasaka na mavuno ya ulezi, vitu vingi viliibwa mchana kweupe watu wakiwa mashambani: mablanketi, masufuria, majembe, kuku, na meno ya bandia ya mwinjilisti mmoja. Mzee Nikodemo, ambaye alikuwa wa kwanza kuweka mlango wa mbao na kufuli ya kutoka ng'ambo, aliibiwa mlango. Kufuli ilikwenda nao, ikiwa imefungwa.

Ndipo Jumbe Enoka akamwita Zebedayo.

Zebedayo alikuwa na miaka thelathini na minane. Alikuwa amefanya kazi chini ya ardhi miaka minne, akarudi nyumbani na baiskeli na kikohozi. Baiskeli iliharibika, kikohozi kikabaki. Mganga wa misheni alimwekea sikio kifuani, akasikiliza kwa muda mrefu, akamwambia, "Ukirudi kule, hutarudi huku." Zebedayo alilielewa neno hilo na akamwambia mkewe, Elina. Elina aliendelea kupepeta ulezi. Shamba lao lilikuwa dogo na watoto walikuwa watano. Wote wawili walijua kwamba mganga alikuwa ametoa ushauri bila kutoa chakula.

"Utakuwa mlinzi wa mchana," Jumbe alisema. Akampa koti la kaki lenye vifungo vinne na nafasi ya cha tano. "Bwana Shauri wa serikali anakuja Alhamisi ya pili ya mwezi wa saba. Akikuta mji umetulia, nitamwomba uandikwe kazi ya kudumu. Kikiibwa kitu kabla ya hapo, koti litarudi kwangu na wewe utarudi migodini kwako."

"Nimesikia, Jumbe."

"Hata kijiko, Zebedayo."

"Hata kijiko."

Zebedayo alifikiri siku tatu. Aliona kwamba mwizi hamwogopi mlinzi mmoja mwenye kikohozi, kwa sababu husikika akija. Mwizi anamwogopa mwenye nyumba. Basi ikiwa kila nyumba italaza kijiti, yenye watu na isiyo na watu, mwizi hatajua aingie wapi. Jumbe alilipenda shauri hilo, akaita watu, akaliamuru siku hiyohiyo. Watu hawakulipenda, lakini mablanketi yalikuwa yameibwa na usiku wa mwezi wa sita kule ni baridi.

Wiki ya kwanza hakukuibwa kitu. Wiki ya pili akaja mtu mmoja mwenye kofia, akapita kila nyumba akipiga hodi juu ya vijiti. Alipoitikiwa, aliomba maji, akanywa, akashukuru. Alikunywa maji mengi sana asubuhi ile. Mwishowe alifika kwa Ferista, muuza maandazi, ambaye hakuwepo, akaingia na kutoka na karai la kukaangia.

Jumbe alifoka. Zebedayo akamsihi, akatoa amri ya pili: ni marufuku kupiga hodi penye kijiti, na aliye ndani ni marufuku kuitikia. Atakayepiga hodi atahesabiwa mwizi anayechungulia, na faini ni kuku mmoja.

Wa kwanza kukamatwa alikuwa Ferista mwenyewe. Alipiga hodi kwa dada yake.

"Zebedayo, mimi ndiye niliyeibiwa!" alisema.

"Najua, mama."

"Na kuku wangu unampeleka wapi?"

"Kwa Jumbe."

"Sasa nimeibiwa mara mbili. Ila wa kwanza alikuwa na kofia, wewe una koti."

Baada ya hapo hakukuibwa kitu tena. Wiki zilipita, hata kijiko hakikupotea. Zebedayo alizunguka mara tatu kwa siku, saa mbili, saa sita na saa kumi, akihesabu vijiti, na kila kijiti kilikuwa mahali pake. Mji ulikuwa salama. Watu walionana kisimani na kanisani. Majumbani hawakuonana, kwani kila nyumba ilikuwa imetangaza kwamba haina mtu. Mama mmoja alijifungua, majirani wakapata habari siku ya nne. Wakati mwingine Zebedayo alisimama katikati ya njia mchana na kusikia upepo ukigeuza makapi ya mahindi, na moyoni akajiambia kwamba huu ndio utulivu alioagizwa. Alishangaa tu kwamba haukumfurahisha.

Nyumba moja ilimsumbua. Ilikuwa ya mwisho kabla ya njia ya kwenda Chitete, na mwenyewe alikuwa Tupokigwe, mjane wa Kindali, mzee wa kanisa, aliyezika mume na watoto wawili katika mji ambao si wa kwao na akakataa kuhama.

"Nipo," alisema siku ya kwanza. "Kwa nini niseme sipo?"

"Ni kwa ajili ya wezi, bibi."

"Mwizi nitamwambia mwenyewe kwamba nipo."

"Ni amri."

"Amri ya kulaza uongo mlangoni kwangu? Mimi napokea meza ya Bwana."

Basi Zebedayo alikilaza mwenyewe kila asubuhi, na Tupokigwe aliketi ndani akimtazama.

"Umeniua kabla ya siku zangu, mwanangu."

"Usijibu, bibi. Kuna kijiti."

"Hujapiga hodi. Sijibu, nasema tu."

Jumatatu ya wiki ile ya Bwana Shauri, Zebedayo alikilaza kijiti saa mbili kama kawaida. Saa sita alipopita tena alimkuta Ferista amesimama njiani mbele ya nyumba ya Tupokigwe, na kikapu cha maandazi mkononi.

"Una shida gani?" aliuliza.

"Nimemletea bibi maandazi. Nimeona kijiti."

"Umepiga hodi?"

"Nipige hodi nitoe kuku mwingine? Yule jogoo wangu mpaka leo anawika kwa Jumbe. Namsikia."

Ndani ya nyumba ikatoka sauti, nyembamba, kama ya mwanambuzi aliyefungwa. Tupokigwe hakuwa na mbuzi.

"Umesikia?" Ferista aliuliza.

"Nimesikia."

"Basi?"

"Wewe umesikia?"

"Mimi nimesikia kabla yako. Lakini wewe ndiye mwenye koti."

Zebedayo alikitazama kijiti. Kilikuwa cha mlonge wa shambani, kimenyooka, alikichonga mwenyewe. Alifikiri hivi: zimebaki siku tatu. Nikipiga hodi mbele ya Ferista, jioni mji mzima utapiga hodi, na kesho mwenye kofia atarudi kunywa maji. Alifikiri pia giza la mgodini, na maji yanayodondoka shingoni, na ndugu wanaokohoa kwa zamu. Alifikiri sana. Mambo yote aliyofikiri yalikuwa kweli.

"Labda anaimba," alisema.

"Tupokigwe?"

"Labda."

Ferista alimtazama kama anayemsoma bei. Kisha akaweka maandazi mawili juu ya jiwe lililo kando ya njia, akaenda zake. Zebedayo naye akaenda kuhesabu vijiti vilivyobaki. Vyote vilikuwepo.

Saa kumi aliporudi, maandazi yalikuwa yameliwa na kuku, na hapakuwa na moshi juu ya paa. Tupokigwe aliwasha moto kila siku saa tisa, kiangazi na masika. Zebedayo alisimama mlangoni. Hakupiga hodi. Alikiruka kijiti, akaingia.

Kigoda kilikuwa kimelala ubavu chini ya kichanja, na mbegu za mahindi zimetapakaa sakafuni. Bibi alikuwa amepanda kuzishusha, akaanguka. Tangu asubuhi alikuwa amejivuta kwa viwiko kutoka jikoni kuelekea mlangoni, na njia aliyopita ilionekana kwenye vumbi. Zilibaki kama hatua mbili. Midomo yake ilikuwa mikavu na mguu mmoja ulikuwa umegeukia upande usio wake.

"Nipo," alisema.

Zebedayo alimpa maji. Kisha akatoka njiani akapiga kelele za kuita watu, na watu hawakutoka, kwa kuwa walikuwa wamekatazwa. Ilibidi apite nyumba hadi nyumba akiviondoa vijiti kwa mguu na kuingia. Ferista alitoka wa kwanza, ana unga mikononi, wala hakumwambia neno. Afadhali angemtukana.

Lori la mahindi lilikuwa likiondoka alfajiri kwenda Mbozi. Wakamlaza bibi juu ya magunia, wakamfunga mguu kwa mbao mbili. Alihitajika mtu wa kukaa naye hospitali ya misheni, kumpikia na kumgeuza, na ndugu hakuwa naye. Elina alikuwa ameshafunga unga wa uji na chumvi kwenye kitambaa. Alimpa mumewe.

"Alhamisi je?" Zebedayo aliuliza.

"Nani alilaza kile kijiti?" Elina aliuliza.

Zebedayo akapanda lori.

Hospitalini walimvuta mguu, wakautundikia jiwe, wakasema ni miezi miwili. Bibi alilia mara moja tu, walipovuta. Jumatano jioni, Zebedayo alipokuwa akimlisha uji, bibi alimtazama usoni.

"Mchana ule ulipita," alisema. "Nilisikia kikohozi chako."

"Nilipita."

"Na mimi niliita. Ulisikia?"

"Nilisikia, bibi."

"Kwa nini hukuingia?"

"Nilikuwa nimekataza."

"Ulimkataza nani?"

"Watu wote."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Tupokigwe akaanza kucheka, akacheka hadi jiwe la mguuni likayumba, akaumia, akaguta, akaendelea kucheka huku machozi yanamtoka, na muuguzi akaja kuuliza kuna nini. Zebedayo hakucheka. Alishika bakuli.

Alhamisi saa nne alikuwa kisimani akifua mashuka. Alijua kwamba saa ile Bwana Shauri alikuwa akishuka katika gari lake na Jumbe alikuwa akivua kofia. Lori la kurudi Tunduma lilikuwa limepita jana yake, tupu, na dereva alikuwa amemwita. Alisuuza shuka la kwanza, akalikamua, akachukua la pili.

Alikaa siku kumi na mbili, hadi kanisa lilipopata mwanamke wa kumpokea. Aliporudi alikwenda kwa Jumbe moja kwa moja, koti likiwa limekunjwa mkononi.

"Bwana Shauri alikuja," Jumbe alisema. Alikuwa amekonda kidogo. "Alikuta vijiti milango yote. Akaniuliza watu wamehamia wapi. Nikasema wamo. Akasema waite. Nikamweleza kwamba kuita kumekatazwa."

"Akasemaje?"

"Alisimama juani. Akaandika kitu kidogo. Akaniuliza nani aliyetunga shauri hili, nikasema mlinzi wangu. Akasema mlete." Jumbe alinyoosha mkono, akapokea koti. "Mlinzi hakuwepo."

"Nilikuwa Mbozi, Jumbe. Na bibi."

"Najua. Ulifanya vizuri. Ningefanya hivyohivyo." Alikuwa mtu mwema, na sauti yake ilikuwa ya kweli. "Hezron ameanza tangu Jumatatu. Mikono yake ni mirefu, lakini mkewe Ketrina amesema ataongeza kitambaa kwenye mikono ya koti."

Amri zote mbili ziliondolewa. Milango ilikaa wazi, watu wakapiga hodi hata pasipo na sababu, na kabla ya mwezi kuisha sufuria mbili na blanketi vilikuwa vimeibwa. Ferista alikuja kumweleza Zebedayo habari hiyo akiwa na maandazi. Alikaa hadi jua likashuka, na alipoondoka alisahau kikapu.

Zebedayo alijiandikisha mwishoni mwa mwezi wa nane. Mwandikishaji hakuwa na desturi ya kuweka sikio kifuani mwa mtu. Lori la migodini lilikuwa liondoke Jumamosi, na Elina alikaanga unga wa safari, akautia katika mfuko, akautoa, akaukaanga tena ingawa ulikuwa umeiva.

Ijumaa jioni lori kutoka Mbozi lilimshusha Tupokigwe. Hakuweza bado kutembea. Alituma mtu kwa Zebedayo. Alisema kesho kutwa ni Jumapili ya meza ya Bwana, naye amekosa mbili, na amekubaliana na wanaume wa kumbeba na kitanda chake hadi kanisani. Alikuwa amepata watatu.

"Mwambie naondoka kesho," Zebedayo alisema.

Mtu yule alikwenda, akarudi.

"Anasema kitanda kina miguu minne."

Elina alikuwa akifunga mfuko wa unga. Aliuacha. Zebedayo aliketi kidogo, akakohoa, akatoka nje kumtafuta dereva kumwomba nafasi katika lori la Jumatatu. Jumapili alishika mguu wa nyuma wa upande wa kushoto, ambao ndio mzito, kwa kuwa bibi alilalia upande huo. Njiani bibi alilalamika kwamba wanamtikisa. Waimbaji walikuwa wameshaanza.

Zebedayo akaondoka Jumatatu.