Jiwe la Baba

Juzi tukibomoa ghala ya marehemu Baba huko Moiben, tulifukua jiwe la mpaka chini yake. Mara nikasikia tena harufu ya nywele za mahindi zikichemka.

Nilikuwa mtoto mdogo wakati huo. Shamba tulikuwa tumelinunua kwa mzungu aliyehama, na Baba alikuwa kitandani, figo ikimsumbua. Mama alimletea kikombe baada ya kikombe cha maji ya manjano ya nywele hizo, dawa ya jiwe la figo. "Jiwe ni kubwa," alimwambia, "lakini litatoka tu." Nilimtazama Baba kwa shaka. Mtu anamezaje jiwe?

Alasiri jirani alikuja akifoka: "Nani aling'oa jiwe letu la mpaka?"

"Liko kwa tumbo ya Baba," nikamwambia. "Mama anachemsha dawa ndio litoke."

Jirani alicheka mpaka hasira ikamwisha. Mama pia alicheka. Baba peke yake hakucheka. Nilidhani ni maumivu.